Mume wa Mwanajeshi

Mke wangu alisomea uuguzi Bukavu, akafanya kazi miaka minne katika hospitali ya Uvira, na tulipofika Johannesburg akawa mtu wa kuosha wazee. Sisemi hivyo kwa dharau. Alimtunza mzee mmoja wa Kizungu kaskazini mwa jiji, akamlisha kwa kijiko, akamgeuza kitandani kila baada ya saa mbili ili mgongo usichubuke, na mzee yule alikufa bila kidonda hata kimoja mwilini. Lakini diploma yake, iliyoandikwa kwa Kifaransa, ilikuwa ndani ya bahasha, chini ya godoro la chumba tulichopanga Berea. Kila ofisi aliyoipelekea ilimrudishia pamoja na jina la ofisi nyingine.

Mimi ni fundi wa nguo. Wakati ule nilishonea kwenye ghorofa ya pili ya jengo kuukuu katikati ya jiji, juu ya maduka ya vitambaa vya jumla. Nilishona sare za shule, majoho ya kwaya, na nilipunguza suruali za watu waliokonda. Binti yetu alizaliwa hapo hapo Johannesburg. Mwaka 2008 alikuwa na miaka mitatu, anasema Kizulu na mlinzi wa jengo, Kiingereza na televisheni, na Kiswahili akiwa na njaa tu.

Mwezi wa tano mwaka huo wageni walipigwa na kufukuzwa mitaani. Watu wa kwetu waliokuwa na spaza, yale maduka madogo ya mitaani, huko Soweto walikimbilia ukumbi wa kanisa letu mjini, wengine na nguo walizovaa tu. Mke wangu alinikabidhi mtoto, akachukua mkasi wangu mdogo na kuuchemsha, akaenda. Nilipompelekea chakula siku ya pili nilimkuta amepiga magoti sakafuni, anamshona mwanaume kichwani. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. Nilikuwa sijaiona mikono ile ikifanya kazi yake tangu tuondoke kwetu, na niliona haya, kama mtu aliyesahau jambo la maana kuhusu mke wake mwenyewe.

Pembeni alisimama daktari mmoja, mwanamke Mmarekani aliyekuja kujitolea. Alimtazama mpaka alipomaliza fundo la mwisho.

“Unafanya kazi hospitali gani?” akamuuliza.

“Ninamwosha mzee,” mke wangu akajibu.

 Daktari alichukua kalamu akaandika namba yake ya simu kwenye pakiti ya glavu.

Siku zile serikali ilikuwa imeleta askari mitaani kutuliza fujo, na pamoja nao watabibu wa jeshi. Mke wangu alizungumza na mmoja wao pale ukumbini, akarudi nyumbani na wazo. Kama jeshi la hapa linahitaji wauguzi, kwa nini lisimchukue yeye? Angetumikia, nao wampe uraia. Nilimcheka, kisha nikaona hachezi. Tulikwenda wote wawili kwenye ofisi ya kuandikisha askari. Mimi sikuingia. Nilikaa ng'ambo ya barabara na mtoto mapajani, nikiwapa mgongo walinzi wa getini.

Lazima nieleze. Vita vilipofika Uvira nilikuwa kijana. Watu wenye sare waliingia kwetu wakamtoa kaka yangu mkubwa, wakasema watamrudisha baada ya kumhoji. Mama yangu alimwekea chakula sahani yake kwa mwezi mzima. Tangu hapo sikuweza kusimama karibu na mtu mwenye sare ya madoa. Hata mteja akiniletea koti la namna hiyo kubadilisha zipu, nilimwelekeza kwa fundi wa meza ya pili.

Mke wangu alitoka ofisini baada ya muda mfupi.

“Wamesema nini?”

“Sajini alikuwa mwanamke, amenisikiliza vizuri. Kaniambia, ‘Dada, hapa kwanza uwe raia, ndipo uvae sare.’”

“Basi yameisha,” nikasema, na moyoni nilishukuru.

“Hapa yameisha,” akasema.

Alimpigia yule daktari simu. Yakafuata maombi, mitihani ya Kiingereza aliyoisomea ndani ya teksi za kwenda kazini, barua zilizotafsiriwa na kupigwa mihuri. Mwishowe akapata ufadhili wa kusoma upya shahada ya uuguzi Marekani. Ufadhili ulikuwa wa mtu mmoja. Tulikubaliana kwamba atasoma, atafaulu, kisha tutaona. Aliondoka Januari 2009 na hati ya kusafiria ya wakimbizi, na binti yetu, kwa kuwa hakuelewa, alimpungia mkono akicheka.

Miaka mitatu ya kwanza nilikuwa mama na baba. Jambo lililonishinda zaidi ni nywele. Mkono unaonyoosha mshono wa mita mbili bila rula haukuweza kugawa kichwa cha mtoto mafungu manne. Kwenye korido yetu ya Berea kulikuwa na mama wa Lubumbashi aliyesuka wateja dirishani. Asubuhi moja alimwona binti yangu anaenda shule ya chekechea, akanivuta shati, akiniita Papa kama wanawake wa kwetu wanavyowaita akina baba.

“Papa, huyu mtoto umemsuka au umemfunga kamba kama mzigo?”

Alinikalisha akanifundisha, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa kutumia kichwa cha plastiki. Mafundi wenzangu walikuja mpaka Berea kunitazama mlangoni. Nilijifunza.

Mke wangu hakuweza kuja likizo. Viza yake ilimruhusu kuingia mara moja tu, na akitoka hakuwa na hakika ya kurudi. Tulizungumza kila Jumamosi mchana kwenye kafe ya intaneti jirani na stendi ya teksi, mimi na mtoto tukigawana kipokea sauti, sikio moja kwa mmoja.

Jumamosi moja mwaka 2012 aliniomba nimpe mtoto peremende akakae pembeni. Nikajua kuna jambo.

“Nimemaliza shahada,” akasema. “Nimefaulu na mtihani wa leseni. Lakini viza ya masomo inaelekea mwisho. Papa, kuna mpango huku. Jeshi lao linachukua wageni wenye makaratasi halali, kama ni watu wa hospitali au wanajua lugha fulani. Kiswahili kimo kwenye orodha.”

Nilimtazama mtoto akimenya peremende.

“Kule waliniambia niwe raia kwanza, ndipo nivae sare. Hapa wanakuvika sare kwanza. Ukimaliza mafunzo, unaapishwa uraia. Nikiwa raia nawaita nyie wawili.”

“Hapana,” nikasema.

“Nisikilize kwanza.”

“Hapana. Mke wangu hawezi kuwa mmoja wa watu wale.”

“Watu gani? Mimi nitatibu.”

“Utavaa nguo gani ukitibu?”

 Nikavua kipokea sauti, nikamchukua mtoto, tukatoka. Dakika za kompyuta zilikuwa bado zinahesabika, na nilipogeuka mlangoni niliuona uso wake kwenye kioo, unatazama kiti kitupu.

Jumamosi mbili zilizofuata sikwenda. Niliwaambia wenzangu kazini, nikitegemea wanitie moyo, na walinitia moyo kuliko nilivyotaka. Fundi mmoja aliinua mguu kutoka kwenye cherehani akasema, “Mwanaume wa kweli hamtumi mkewe vitani ili yeye apate paspoti.” Wengine walicheka. Jioni ile nikipanda ngazi za Berea nilitambua kwamba hasira yangu ilikuwa imehamia kwingine. Neno ‘kumtuma’ ndilo lililoniuma. Hakuna mtu aliyewahi kumtuma yule mwanamke mahali popote.

Jumamosi ya tatu nilikwenda. Alikuwepo tayari kwenye kioo, kana kwamba hakuondoka.

“Ulikuwa unakuja kila wiki?” nikamuuliza.

“Nilikuwa nakuja.”

“Niambie kwa nini. Usiniambie habari za makaratasi. Niambie kwa nini wewe unaweza na mimi siwezi hata kuvuka barabara.”

 “Siku waliyomchukua kaka yako,” akasema, “mtaa wetu nao waliingia. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo, chini ya kitanda na mama, nimeziba mdomo kwa kitenge. Nje kulikuwa na mtu analia, amepigwa risasi ya mguu. Alilia mpaka akanyamaza. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili, Papa. Nilijua la kufanya. Ni kufunga juu ya jeraha tu. Sikutoka. Mwaka 2008 pale kanisani ndiyo mara yangu ya kwanza kutoka. Sitarudi chini ya kitanda, si kwa ajili ya viza wala kwa ajili yako.”

Tulikuwa tumeoana miaka tisa na hakuwahi kunisimulia hilo.

“Watakuchukua na umri huo?” nikauliza. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Alicheka, machozi yakimtoka. “Kama nikiweza kukimbia.”

Akaanza kukimbia. Mtu ambaye Uvira alipanda baiskeli ya kukodi kwenda sokoni, sasa alinieleza habari za maili na dakika. Wiki ya kwanza alikimbia mpaka nguzo ya tatu ya umeme akatapika. Mikono yake iliyokuwa hodari kushona jeraha haikuweza kuuinua mwili wake kutoka sakafuni hata mara tano. Kila Jumamosi binti yetu alimuuliza kwa Kiingereza, “Ngapi leo?” naye alijibu kwa Kiswahili, “Nane.” Wiki nyingine, “Kumi na moja.” Mtoto alijifunza kuhesabu Kiswahili mpaka arobaini kwa njia hiyo.

Alikula kiapo cha kujiunga, kisha wakaanza kumchunguza. Walitaka kujua alipoishi, ndugu zake ni nani, nani alimjua Berea, nani Uvira. Miezi ilipita. Kuna wakati nilidhani wamemsahau, na niseme kweli, kuna siku niliombea wamsahau. Yeye hakuacha kukimbia. Mwanzoni mwa 2013 waliita jina lake.

Wakati wa mafunzo simu zilichukuliwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Jumamosi zetu kuwa tupu. Barua moja ilifika kwenye sanduku la posta la kanisa, imeandikwa kwa penseli. Aliandika kwamba yeye ndiye mkubwa kuliko wote katika bweni, kwamba wasichana wa miaka kumi na tisa wanamwita bibi, na kwamba amewafundisha kufunga malengelenge ya miguu. “Jana niligombezwa kwa sababu ya kutandika kitanda vibaya,” aliandika. “Mimi, niliyetandika vitanda vya wagonjwa nusu ya maisha yangu. Nilisema ndiyo sajini, nikatandika tena. Mwambie mtoto ni thelathini na tatu.” Nilimsomea barua ile mama wa Lubumbashi huku akisuka, na mteja wake, ambaye hatukumjua, akaomba niisome tena kutoka mwanzo.

Kiapo cha uraia alikula mwishoni mwa mafunzo yale, pamoja na wenzake kutoka nchi nyingi. Jumamosi iliyofuata alitokea kwenye kioo amevaa sare. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku ile. Nilikuwa nimeamua nitatabasamu. Lakini nilipoona yale madoa ya kijani na kahawia kwenye mabega ya mke wangu, nilishika ukingo wa meza. Aliona. Akaniachia muda. Nami kwa kuwa sikuweza kuutazama uso wake niliitazama nguo. Nikatazama mshono wa bega. Nikatazama mikono.

“Mikono mirefu,” nikasema. “Inakufunika mpaka vidole. Nani kakupimia hiyo?”

“Hakuna anayepima. Unapewa saizi.”

“Jeshi kubwa namna hiyo halina fundi?”

Akaangua kicheko, na binti yetu akanisukuma ili aone. Akamtazama mama yake kwa muda mrefu, akasema kwa Kiingereza kwamba anafanana na mtu wa sinema. Sisemi kwamba nilipona siku ile. Ila tangu hapo sare ile ilikuwa na mtu ndani yake.

Ikafika zamu yangu. Aliwasilisha maombi ya kutuita, na mimi nikatakiwa kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Ikaonekana si rahisi. Kwenye cheti cha ndoa jina la baba yangu lilikuwa mwisho. Kwenye kibali changu cha ukimbizi lilikuwa mwanzo, na limeandikwa kwa herufi ya ziada. Mkalimani wa siku tulipoomba ukimbizi ndiye aliyetaja hivyo, nami kwa uchovu wa safari niliweka sahihi. Cheti cha kuzaliwa cha binti yetu kiliandikwa kwa mkono na hakikuwa na jina langu kabisa. Kwa makaratasi hayo, mke wangu alikuwa ameolewa na mtu mwingine, na mtoto hakuwa na baba.

Nilikwenda Pretoria kwenye ofisi ya wakimbizi mara nyingi kiasi kwamba muuza chai wa kwenye foleni aliacha kuniuliza sukari ngapi. Kwa cheti cha mtoto nilikwenda ofisi nyingine, ya mjini. Karani wa dirisha la nne alinijua kwa sura.

“Eish, baba, leo mtandao hakuna.”

“Nitasubiri.”

“Unaweza kurudi wiki ijayo.”

“Nimekuja na kazi yangu,” nikamwambia, nikatoa majoho ya kwaya kwenye mfuko na sindano. Nilikaa kwenye benchi nikipiga pindo kwa mkono mpaka saa nane mchana. Wakati huo mtandao ulirudi. Karani akaniita mbele ya watu, akapokea fomu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninaweza kumshonea sketi ya kanisani. Nilimshonea, nikamtoza bei ile ile ninayowatoza wote. Sikutaka cheti cha mwanangu kiwe na neno lolote nyuma yake.

Marekebisho yalichukua miezi minane. Mahojiano kwenye ubalozi mdogo wa Marekani yalikuwa mwaka 2014. Nilishona suti mpya, ya kijivu. Ofisa alikuwa kijana mpole nyuma ya kioo.

“Mkeo anafanya kazi gani?” akauliza.

“Ni muuguzi.”

“Wapi?”

Nyuma yangu walikuwa wameketi watu wa kwetu wawili niliowafahamu. Miaka miwili nilikuwa nikijibu swali hilo kwa kusema hospitali, na kunyamaza.

“Jeshini,” nikasema, kwa sauti ya kutosha. “Ni mwanajeshi.”

Alipiga muhuri makaratasi yetu siku hiyo hiyo.

Mke wangu aliomba ruhusa aje kutuchukua mwenyewe. Uwanja wa ndege tulisimama kwenye kamba, binti yangu na gauni la manjano nililomshonea. Aliingia na suruali ya jinzi na mkoba mmoja, mwembamba, amenyooka mgongo. Kwanza alinieleza jambo lililomtokea dakika tano kabla, kwa kuwa lilikuwa bado linamtetemesha. Ofisa wa uhamiaji alikuwa ameifungua paspoti yake, akaipiga muhuri, akamwambia karibu Afrika Kusini, afurahie likizo.

“Hakuniuliza kitu,” akasema. “Papa, miaka yote ile niliyopanga foleni mvuani ili nisifukuzwe. Hakuniuliza hata kitu kimoja.”

Kisha akapiga magoti na kumfungulia mtoto mikono. Binti yetu hakwenda. Alishika koti langu, akasema kwa Kiingereza, kwa adabu, “Hujambo, ulisafiri salama?” Alikuwa na miaka tisa na mama yake alikuwa uso wa Jumamosi. Mke wangu alibaki pale chini mikono imefunguka, watu wakizunguka na matoroli yao. 

“Nimesafiri salama, asante,” akajibu, akainuka. “Sina haraka.”

Kweli hakuwa na haraka. Siku kumi alizokaa Berea hakumlazimisha mtoto kumkumbatia wala hakumnunua kwa zawadi. Alimsindikiza shule na kumngojea getini, alikaa sakafuni akimsikiliza akisoma, alijifunza majina ya rafiki zake wote. Siku ya sita mtoto aliungua kidole kwenye jiko. Nilisimama, lakini akanipita. Alikwenda kwa mama yake na kidole juu, akilia kwa Kiswahili. Mke wangu alikiweka chini ya bomba la maji, akampakata, akahesabu naye polepole mpaka maumivu yakapungua, na baada ya kumaliza mtoto hakushuka mapajani.

Mimi nilitoka nje kwenye korido. Sikutaka wanione, na pia nilikuwa na sanduku la kufunga.

Tuliondoka wiki hiyo. Sasa ninashona kwenye mji mdogo karibu na kambi anapofanya kazi, na wateja wangu wengi ni askari. Wanaingia na viatu vizito, wananiita bwana, wanasimama na kunyoosha mikono niwapime. Mara ya kwanza nilikunja utepe wa kupimia bila kumgusa kijana aliyekuja, nikamwomba arudi kesho. Alikuja kesho yake. Nikampima.